Picha ya Kiatu Haimlizi Mtu

Jumanne, 3 Machi. Asubuhi mawingu mepesi, upepo kidogo, mvua hakuna.

Mwanangu Chiriku,

Pokea salamu zetu. Huku hatujambo. Goti la kushoto la baba yako limepoa, sasa la kulia ndilo limeshika zamu. Bado anagombana na redio kila asubuhi, jana msomaji wa habari alipoaga, huyo kaka yangu alimjibu, "Nenda salama, na uongo wako." Paa la chumba changu cha kushonea viatu limezibwa, halivuji tena. Asante kwa kuliulizia.

Najua umeshangaa kupata bahasha badala ya ujumbe wa simu. Sababu utaiona mbele.

Jana ilikuwa Jumatatu, siku ya kliniki ya miguu hapa hospitalini, na yule ninayemwita Mama Kimya hakuja. Hiyo ni Jumatatu ya tatu. Nilikwisha kukusimulia habari zake: mwanamke asiyetoa neno lisilo na kazi, na mtoto wake wa kike wa miezi minane niliyempa cheo cha Jemadari, kwa namna alivyotutandika mateke hata akiwa na plasta miguu yote miwili. Alizaliwa na nyayo zimegeukia ndani. Plasta sita zilizinyoosha. Tangu katikati ya Januari anavaa viatu ninavyomtengenezea, viwili vilivyounganishwa kwa ufito, usiku na mchana kwa siku tisini, kisha wakati wa kulala tu mpaka atimize miaka minne. Mtoto akiachishwa katikati, mguu hukumbuka ulikotoka, ukarudi. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Nimeona miguu ya watoto kumi na wawili ikirudi, na ninaweza kukutajia tarehe ya kila mmoja.

Basi, baada ya kliniki nilitoka langoni kununua vocha. Muuza vocha akanicheka. "Fundi, siku hizi chumba chako kinatazamwa dunia nzima!" Akanipa simu yake.

Nikaona nyayo mbili za mtoto mchanga, zimepinda. Chini yake maneno: "Amelaaniwa kabla ya kutembea. Bonyeza hapa umwokoe." Uso wa mtoto ulikuwa umefichwa nusu, kana kwamba nusu ya aibu ni afadhali. Mimi sikuhitaji uso. Nilitambua taulo alilolalia. Ni taulo langu la kijani, lile lenye alama ya pasi pembeni. Nililiunguza mwenyewe.

Picha ile niliipiga mimi, siku ya kwanza ya Jemadari, kama ninavyowapiga wote kwa kumbukumbu ya kazi. Nilikutumia wewe uzihifadhi huko unakohifadhi mambo, kwa sababu paa lilivujia daftari la vipimo na nikaogopa kupoteza kila kitu. Nilikupa uzitunze. Sikukupa uzitembeze.

Itoe. Sikuombi, nakuambia.

Na kuanzia leo tutaandikiana kwa karatasi. Nimeona kuwa kinachoingia kwenye simu huota miguu, tena iliyonyooka kuliko ya wagonjwa wangu. Barua hii ukitaka kuisambaza, uinakili kwa mkono mara elfu.

Jana nililala saa nane na dakika ishirini usiku. Nimeiandika kwenye daftari langu la siku, na sasa naiandika hapa ili na wewe uijue.

Shangazi yako


17 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Wewe peke yako duniani unaweza kukasirika kiasi hicho na bado ukaanza na hali ya hewa. Basi na mimi nikuambie: huku jua kali, na feni ya ofisi imekufa tangu wiki iliyopita. Mpe baba pole ya magoti yote mawili, mwambie redio haimsikii.

Barua yako nimeisoma chooni, maana mezani kwangu watu wanapita. Imeniuma. Lakini nisikilize na mimi.

Kazi yetu hapa ni kuwakutanisha watu wenye shida na watu wenye nafasi, ambao wasingekutana maishani. Kuna wanaosaini maombi ya kujengewa daraja wasilolivuka. Kuna anayetoa saa moja kila Jumamosi kumfundisha hesabu mtoto wa mbali kupitia simu. Kuna wanaotafsiri maelezo ya dawa ili mama aelewe anachomnywesha mwanawe. Kuna wanaochanga, na kuna asiye na cha kuchanga, anasambaza tu habari mpaka imfikie mwenye nacho. Hao wote hawajawahi kukanyaga huko, na hakuna anayewalazimisha. Je, hilo ni baya?

Chumba chako, Shangazi, kimewagusa kuliko chochote tulichowahi kuweka. Cherehani ya ngozi uliyoililia miaka minne iko njiani. Si maneno, iko njiani kweli.

Nilimwomba mkuu wa kitengo tuitoe picha. Akasema, "Huruma ndiyo mafuta ya gari hili. Unataka tulisukume kwa mkono?" Amekubali neno "amelaaniwa" libadilishwe. Picha imebaki. Nimefanya nilichoweza.

Tafadhali rudi kwenye simu. Barua yako imechukua siku kumi na moja kunifikia, na ningependa kukusikia ukinigombeza siku hiyohiyo.

Mwanao,
Chiriku


Alhamisi, 2 Aprili. Mvua tangu alfajiri, imekatika saa mbili, ukungu dirishani.

Chiriku,

Hatujambo. Baba yako ameanza kutembea mpaka njia panda na kurudi, anasema anaifanyia mazoezi hasira yake.

Cherehani imefika Jumatatu ndani ya kasha kubwa. Wauguzi walipiga makofi. Mganga mkuu mwenyewe alishuka ngazi kuja kuishuhudia. Kisha wakaligeuza kasha, na ubavuni imebandikwa picha ileile, kubwa kama sinia, taulo langu na alama ya pasi. Akina mama walikuwa kwenye benchi na watoto wao mapajani. Hakuna aliyepiga makofi tena.

Nimelisukuma pembeni, picha imetazama ukuta. Sijafungua hata utepe. Ninaendelea kushona kwa mkono na msharasi wangu wa kutobolea ngozi.

Mganga mkuu akaniita pembeni. "Fundi, usifanye kiburi. Mkono mtupu haulambwi."

"Hata wenye asali, daktari, hunawishwa kwanza ndipo ulambwe."

"Una watoto thelathini wanaosubiri viatu!"

"Ninao thelathini na mmoja. Yule wa thelathini na moja ndiye aliyenunua hiyo mashine kwa nyayo zake, na hajui alipe na kitu gani zaidi."

Akapanda ngazi zake. Ni mtu mwema, ila anapenda vitu vipya.

Jumamosi nilikwenda kwa Mama Kimya. Anakaa nyuma ya kiwanda cha matofali, chumba cha pili kutoka mwisho, na vumbi jekundu limepanda mpaka kwenye vioo. Mama mkwe wake alikuwa kibarazani. Hakunipa kiti.

"Ndiye wewe mpiga picha?"

"Mimi ni fundi viatu."

"Sisi tulikuwa na jambo letu ndani ya nyumba yetu. Nyinyi mmelipandisha jukwaani. Binti yangu mwingine yuko nchi ya watu, ametumiwa picha na mtu asiyemjua. Akanipigia akilia, 'Mama, huyu si mtoto wetu?'"

Nilisema pole. Neno lenyewe lilinitoka likiwa dogo kama punje. Mama Kimya akatoka, akasimama mlangoni, akauziba kwa bega.

"Mtoto yuko wapi?" nikamuuliza.

"Amelala."

"Na viatu?"

"Amelala," akarudia.

Kisha akaniambia neno moja zaidi, ambalo sitakuandikia. Akafunga mlango.

Nimepiga hesabu. Kufikia Jumamosi ile ilikuwa karibu wiki saba tangu nimwone mara ya mwisho. Mtoto wa umri ule, kiatu humbana baada ya wiki nane. Kama mama hakumvua kwa hasira, atamvua kwa kubanwa. Hizo ndizo siku chache nilizobakiwa nazo, nawe unaniandikia habari za mafuta ya gari.

Usiniambie umefanya ulichoweza. Nilikulea likizo zote za shule ya msingi; najua unachoweza.

Nililala saa tisa kasoro dakika tano.

Shangazi


23 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku mawingu. Barua hii ni fupi.

Picha haipo tena kwenye ukurasa wetu. Imetoka Alhamisi iliyopita saa saba na nusu mchana, watu wakiwa wamekwenda kula.

Lakini sikudanganyi: maji yakimwagika hayazoleki. Kurasa nyingine zilikwisha kuibeba. Nimeanza kuziandikia moja baada ya nyingine. Nimeziandikia hamsini na tatu. Ishirini na nane zimeitoa, kumi zimenitukana, zilizobaki kimya. Naendelea.

Kuna jambo uliniuliza bila kuuliza, ni nani aliyeandika yale maneno. Ni mimi. Nilikaa saa nzima nikitafuta neno litakalouma. Nilipolipata "amelaaniwa" nilifurahi, Shangazi. Niliinuka nikajimiminia chai.

Ukinijibu, tumia anwani iliyo nyuma ya bahasha, si ile ya zamani.

Jemadari yukoje?

Chiriku


Jumanne, 5 Mei. Jua mapema, anga safi kama limesuguliwa.

Mwanangu Chiriku,

Baba yako anakusalimu. Nilimwambia kuwa umehama, akasema, "Mtoto wa mtu hahami bila sababu, lakini akitaka kuiweka mfukoni muache aiweke." Basi sikuulizi. Ila bahasha yako ya kwanza ilikuwa na nembo ya ofisi, na hii umeikunja mwenyewe kwa karatasi ya daftari, ukaigundisha kwa wali. Nimeona punje.

Umesema kweli kuhusu yale maneno, nami imenipasa nilipe kwa kweli yangu.

Lile neno nililokataa kuliandika ni hili. Mama Kimya alisimama mlangoni, akanitazama, akaniambia, "Uliniuliza?"

Hakuwa akisema habari ya mtandao. Alisema habari yangu. Miaka kumi na tisa nimepiga picha nyayo za watoto wa watu, kwanza kwa kamera, kisha kwa simu, na sijamuuliza mama hata mmoja. Nilijiona fundi, na fundi huandika kazi yake. Wewe ulitumia neno baya, lakini taulo lilikuwa langu na kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Nilikugombeza kwa sauti kubwa ili nisisikie hilo. Nisamehe hapo. Kwingine kote gombezo langu liko palepale.

Juzi nilirudi nyuma ya kiwanda cha matofali. Sikuingia. Nilimwambia Mama Kimya nikiwa uani, mbele ya mama mkwe na mafundi watatu wa matofali: "Sikukuuliza. Nilikosa." Nikaacha kizingitini jozi ya viatu namba tatu, nilivyokata kwa kukadiria, maana mguu wenyewe sijauona. Daftari langu lina watoto mia sita na arobaini. Najua mguu hukua kiasi gani kwa wiki kumi na mbili. Nikaondoka. Asubuhi iliyofuata nilituma mtu apite: viatu havikuwapo kizingitini. Zaidi ya hapo sijui. Huenda amevivisha, huenda amevitupa tanurini.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi si mtu wa kusema mtandao ni mchafu halafu nikaenda kulala. Nimesoma tena barua yako ya Machi. Uliniandikia kuwa kuna watu wanaotoa saa moja, wanaotafsiri, wanaosambaza mpaka habari imfikie mwenye nacho. Nitafutie hao. Wale wa kulia machozi siwahitaji.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi zangu za kukatia, namba moja mpaka namba nane. Nimezichora upya kwa wino, kwa muda wa jioni kumi na moja. Kila kipande kina kipimo chake, pa kukata, pa kutoboa, na upana wa ufito kwa kila namba. Daktari wa mifupa amezikagua na kuandika pembeni kuwa ni za mtoto aliyekwisha kunyooshwa na mganga, si za kuanzia matibabu. Ziweke mtandaoni, bure, yeyote azichukue. Kuna mafundi viatu kila mji duniani wanaoshinda wakibandua soli, na nyuma ya hospitali yao kuna watoto wanaosubiri kiatu kutoka ng'ambo.

Masharti: nyayo za mtu zisionekane, uso usionekane, na neno "maskini" lisitokee hata kwa bahati mbaya. Anayetaka kusaidia ashike mkasi. Asiye na mkasi atafsiri. Asiyeweza kutafsiri ampelekee karatasi fundi wa mtaani kwake.

Kama watu hawatatazama bila kuonyeshwa aliyelaaniwa, basi wasitazame. Tutaendelea kushona gizani, tumezoea.

Nililala saa saba na robo. Afadhali kidogo.

Shangazi


Jumapili, 31 Mei. Asubuhi manyunyu, sasa kumetulia. (Umeniambukiza.)

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mwambie baba sababu nimeitoa mfukoni: siku nilipoitoa picha, waliporudi kutoka kula walinikuta nimekwisha kupanga vitu vyangu kwenye boksi. Nilitaka kuwapunguzia kazi. Sasa ninachapa watu barua za maombi na risala za maharusi kwenye duka la fotokopi, na mwenye duka ananiachia kompyuta baada ya kufunga, mradi nifagie. Nafagia vizuri. Usinionee huruma, umetupiga marufuku.

Karatasi zako nimezipiga picha moja moja na kuziweka kwenye ukurasa wa bure. Kichwa chake: "Viatu vya ufito, namba moja hadi nane. Chukua, kata, shona." Wiki ya kwanza walitazama watu kumi na wanne, mmoja wao nikiwa mimi. Nilipanga kukuficha hilo.

Wiki ya pili aliingia fundi mmoja, sijui yuko nchi gani, anaandika kama anayegombana: "Nani amechora namba nne? Mshono wa kisigino uko juu mno, utamkwaruza mtoto. Ushusheni upana wa shilingi iliyolazwa." Nikataka kumjibu vibaya kwa niaba yako, kisha nikaona ameambatanisha mchoro, safi kuliko maneno yake. Nakutumia uuone. Baada yake akaja mzee mstaafu aliyekuwa mchoraji wa ramani, amezichora zote upya kwa kompyuta ili zichapike kwa kipimo kilekile popote. Amechukua siku tatu, hataki hata jina lake liwekwe. Wamekwisha kuzitafsiri kwa lugha sita. Kuna mwanamke ameandika mstari mmoja tu: "Mimi nilivaa hivi, sasa niko posta, ninatembeza barua." Ameuliza tu wapi pa kupeleka karatasi katika mji wao, na Ijumaa amepeleka kwa mafundi wanne, kwa miguu yake.

Mkuu wangu wa zamani amenipigia. "Chiriku, karatasi hizo zina thamani. Rudi nazo. Ila tunahitaji picha ya mtoto mmoja, mmoja tu. Picha ya kiatu haimlizi mtu."

Nikamwambia, "Kiatu hakikutengenezwa kimlize mtu. Kimetengenezwa kivaliwe."

Akasema nitajuta. Nikasema sawa, nitajuta nikiwa nafagia.

Zile kurasa zilizoibeba picha ya zamani zimebaki tisa. Kila Jumapili naziandikia zote tisa. Nitaziandikia mpaka zichoke au nife, na mimi siugui ovyo.

Kuhusu Jemadari hukuniambia zaidi ya viatu vilivyoondoka kizingitini. Nimeisoma barua yako mara nne nikidhani nimeruka mstari. Niambie hata kama ni baya.

Mwanao,
Chiriku


Jumanne, 16 Juni. Baridi kidogo, umande, jua limetoka saa moja na nusu.

Mwanangu Chiriku,

Tuko wazima. Baba yako amesimulia habari ya boksi lako kwa kila anayepita, na kila mara boksi linakuwa kubwa zaidi. Jana alimzima mtangazaji wa redio ili amalizie hadithi.

Yule fundi mgomvi ana haki. Nimepima: kisigino cha namba nne kiko juu. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiwaambia akina mama waweke pamba hapo. Mwandikie kuwa fundi mwenzake anashukuru, na kwamba mshono wake wa pembeni nao una kasoro, nimeweka alama nyekundu.

Sasa jana. Jumatatu. Saa tatu na dakika kumi mlango ulifunguliwa bila hodi, akaingia Mama Kimya, mtoto mgongoni. Akamshusha Jemadari juu ya meza yangu, akakaa pembeni, mikono mapajani.

Sikushika mguu. Nilimuuliza, "Naweza kumwangalia?"

"Mwangalie."

Chiriku, imenyooka. Nyayo zote mbili. Nilizigeuza huku, nikazigeuza kule, nikapima mara tatu kwa sababu macho yangu yalikuwa na maji na sikuamini namba. Daktari wa mifupa akaja akapima naye.

"Namba tatu zilimtosha?" nikauliza.

"Hazikumtosha. Ulikata ndogo." Akatoa mfukoni kiatu kimoja. Kilikuwa cha ile jozi ya kwanza, namba mbili. Ameikata mbele kwa wembe, vidole vipate kutoka, na ukingo ameukunja kwa kitambaa laini na kuushona ili usimkwaruze. Mishono midogo, imelingana kama meno ya chanuo. "Zilipoanza kumbana nilifanya hivi. Zako ulipoleta, nazo nikazifanya hivi."

"Kwa hiyo siku ile, uliposema amelala..."

"Alikuwa amelala. Navyo miguuni."

Siku tisini alizihesabu mwenyewe kwa mistari ya chaki nyuma ya ule mlango aliouziba kwa bega. Zilipotimia akaanza kumvisha wakati wa kulala tu, kama nilivyomfundisha siku ya kwanza.

Nikamwambia nilidhani ameacha. Mama Kimya akacheka. Sikujua kama huwa anacheka. "Fundi, na wewe ulinionea huruma? Hapa kwenye benchi mwanamke alitoa simu amlinganishe mwanangu na ile picha. Nilisusa chumba chako. Sikususa viatu. Unadhani ningeacha mguu wa mwanangu urudi kwa sababu ya mdomo wa watu?"

Hayo ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. Nami nikaona kuwa wewe ulimwandika amelaaniwa, na mimi miezi minne nilimwandika ameshindwa, kwenye daftari langu, kwa wino. Nimelikata neno hilo mstari na kuweka tarehe.

Kisha nikamwomba. Nilimweleza habari ya karatasi za kukatia, nani anazichukua, ziko wapi, na kwamba kikiingia huko hakitoki. Nikamwambia ule ukataji wake wa mbele ungeongezea kila kiatu maisha ya wiki nne, na mafundi wa dunia nzima hawajaufikiria, mimi mmoja wao. Nikauliza kama tunaweza kuuweka.

Alikigeuza kile kiatu muda mrefu.

"Sasa umeuliza," akasema. "Wekeni. Jina langu hapana, picha hapana. Andikeni: mbele pamekatwa na mama wa mtoto. Wakisoma huko walikosoma laana, wasome na hilo."

Basi mchoro wake umo humu ndani. Uweke wa kwanza, juu ya michoro yangu, na uandike maneno hayohayo, usiongeze la kuuma wala la kupendeza.

Kasha nililifungua jana hiyohiyo. Waliochangia cherehani hawakukosa, walibonyeza walichoonyeshwa. Ile picha ubavuni nimeibandua kwa kisu cha ngozi, polepole, mpaka ubao ukabaki mweupe, na mabaki nikampa Mama Kimya mkononi. Hakusema atayafanyia nini. Anakaa karibu na tanuru la matofali.

Ameniomba kazi. Ataanza Jumatatu, yeye na hiyo mashine. Jemadari tutamweka wapi sijui, maana jana aliposhushwa sakafuni alishika mguu wa meza yangu, akasimama, akaupiga teke.

Nyongeza, Jumatano asubuhi, kabla sijafunga bahasha. Anga jeupe, upepo hakuna. Jana nililala saa tatu na dakika kumi usiku. Baba yako alikuja kugonga kuniuliza kama ninaumwa.

Shangazi yako